Mchoro wa Mwavuli

Wingu likishuka na kukaa juu ya Uluguru hata vilele visionekane, mimi husogeza simu karibu. Najua atapiga. Atapiga kabla tone la kwanza halijaanguka mjini, na hatanisalimia. Mtu mzima, aliyefundisha chuo kikuu maisha yake yote, anayejua adabu kuliko sisi sote, akishaliona wingu anasahau kwamba duniani kuna salamu. "Umeangalia?" atauliza. Nami nitajibu kwamba nimeangalia, hata kama ndiyo kwanza nawasha kompyuta, kwa sababu nikisema bado nitamsikia anavyohema, na kuhema kwake kunanitia hofu.

Tulimwita Mwalimu. Chuoni kwetu watu wanapenda vyeo. Wapo ambao usipowataja kwa cheo hawageuki. Yeye alikuwa na cheo chake, tena kikubwa, lakini wanafunzi walimwita Mwalimu, walinzi wa getini walimwita Mwalimu, na nadhani hata mkewe anamwita hivyo hivyo, maana sijawahi kumsikia akimwita vinginevyo. Alifundisha habari za udongo: unavyoshikana, unavyoachiana, na maji yanavyoufanya ama hiki ama kile. Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kutunza hifadhi ya mtandaoni ya chuo, ile ambayo ofisini tunaiita ripozitori, mahali panapowekwa tasnifu, tafiti na masomo ya walimu ili mtu yeyote, popote alipo, ayapakue na kuyatumia. Yeye akaniita Mkutubi tangu siku ya kwanza, na hajaacha. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wageni akasema, "Nampongeza Mkutubi na mumewe," akaketi. Upande wa mume wakabaki wanaulizana kama hilo ndilo jina langu la ubatizo.

Huwezi kumweleza mtu huyu bila kuueleza mwavuli wake. Ulikuwa mweusi, mkubwa, wa mpini wa mbao uliopinda. Alikuwa nao masika, kiangazi, darasani na msibani. Aliutumia kunyoshea ubao, kupimia, kuchokoa udongo, kufukuzia mbwa wa nyumba za wafanyakazi. Kujikinga mvua ilikuwa kazi yake ya mwisho. Na hakumwazima mtu. Siku moja mkuu wa idara alikwama mlangoni mwa maktaba, mvua inamwagika, suti mpya, kikao kinamsubiri ng'ambo ya uwanja. Mwalimu alikuwa ameketi ndani akisoma, mwavuli umeegemea kiti. Mkuu akauomba kwa heshima zote. Mwalimu akauangalia mwavuli, akamwangalia mkuu, akasema, "Hiki ni kifaa cha kazi," akarudi kwenye kitabu. Mkuu alikwenda kikaoni amelowa chapachapa.

Wanaopiga picha za udongo au kuuchora huweka kitu pembeni ili msomaji ajue ukubwa wa anachokiona. Mmoja ataweka kalamu, mwingine nyundo. Mwalimu aliweka mwavuli wake. Kila picha yake ya shimo, kila mchoro wake wa ngazi za shambani au wa mfereji, ulikuwa na mwavuli umesimama pembeni, umefungwa, mpini juu. Wanafunzi walijua kwamba kina cha mfereji ni mwavuli nusu, na upana ni mwavuli kasoro mpini. Nimewahi kuona mtihani ambao mwanafunzi amejibu kwa kipimo hicho, na Mwalimu amempa alama zote.

Alikuwa na swali moja alilolipeleka kila mahali. Lilitoka kazini kwake, kwa sababu kwenye milima yetu hakuna unachoweza kusema kuhusu shamba kabla hujajua limelala vipi. Mwanafunzi akisema mfereji unazuia mmomonyoko, anamdaka: "Mteremko kiasi gani?" Lakini aliliuliza hata pasipo na mlima. Mwenye duka la stesheneri tulikokuwa tunatolea kopi, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, alimwambia kwa furaha kwamba mwanawe anafungua tawi Dar es Salaam. Mwalimu akamwuliza, "Mteremko kiasi gani?" Mzee akafikiri, akajibu, "Mwalimu, ni ghorofa ya kwanza, lakini ngazi nzuri." Mimi nilipomwambia naolewa, aliniuliza hivyo hivyo, na nilishangaa kujikuta nalifikiria swali lenyewe njia nzima hadi nyumbani.

Huyu mchoyo wa mwavuli ndiye aliyekuwa mkarimu kuliko wote kwa kile ambacho wenzake walikificha. Ripozitori ilipoanza, nilipita ofisi kwa ofisi nikiomba walimu walete masomo yao. Nilichoshwa na visingizio. Huyu hajamaliza kuhariri, huyu kompyuta imeharibika, na mwingine alinieleza waziwazi: "Nikiweka kila kitu huko, wanafunzi watanifuata darasani kufanya nini?" Mwalimu hakusubiri nimfikie. Alikuja mwenyewe na flashi mfukoni na boksi la karatasi kichwani, ndiyo, kichwani, maana mkononi alishika mwavuli. Nikamweleza leseni tunayoitumia: mtu yeyote anaruhusiwa kuchukua, kukata, kutafsiri, kuongeza na kufundishia, mradi tu ataje jina la mwenye kazi.

"Hata bila kuniomba?"

"Hata bila kukuomba, Mwalimu."

Alicheka hadi akavua miwani. "Sasa hiyo si ndiyo kazi yetu? Nikishamfundisha mtu, arudi kwangu kuomba ruhusa ya kujua?" Akasaini. Aliomba kitu kimoja tu, kila somo liwe na mstari huu chini: Ukilitumia, niambie. Nikamwambia leseni haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Akasema hamlazimishi mtu, anamwomba. Waliomwambia walikuwa wachache, na kila alipopata ujumbe wa mmoja wao alikuja kunisomea dirishani kwangu, huku foleni ya wanafunzi wenye vitabu inasubiri.

Lakini hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu alikuwa na mwavuli. Watu walichukua michoro yake wakaipachika kwenye masomo yao, na popote ilipokwenda ilikwenda na mwavuli pembeni. Alikuwa anakuja mbio: "Mkutubi, mwavuli wangu umefika Mbeya!" Kesho umefika Kisumu. Kuna chuo waliuchora upya kwa rangi, wakaufanya wa bluu, naye akaudhika kidogo, kisha akasema hata bluu si mbaya. Siku hizo nilimpenda sana. Nilikuwa nimeshachoka kuwabembeleza watu, na yeye alinipa sababu ya kuamka asubuhi.

Najilazimisha kuzikumbuka siku hizo kwa sababu zilizofuata zimezifunika.

Ilikuja semina ya kutufundisha kuandaa masomo ya kutumika tena na tena. Mwendeshaji, mtu mchangamfu wa kutoka nje ya mkoa, alitueleza kwamba somo refu halitumiki kwingine. Tulikate vipande vidogo, kila kipande kijitegemee, ili mwalimu wa mahali pengine achukue anachokitaka bila kubeba mzigo wote. Ni maneno ya kweli, na mpaka leo nawafundisha wengine. Mwalimu alilipenda wazo hilo kama mtoto. Alichapa somo lake la mifereji, akaomba mkasi wangu wa ofisini, akakaa sakafuni maktabani akikata na kupanga. Maelezo ya udongo yakawa kipande. Namna ya kuchimba ikawa kipande. Mchoro, na mwavuli wake, ukawa kipande. Na ukurasa wa mwisho, uliosema kwamba mfereji huu wa kufungwa pande zote mbili, unaoshika maji yazame ardhini, ni wa mashamba ya mteremko mdogo tu na usichimbwe kabisa kwenye mlima mkali, nao ukawa kipande peke yake. Alikipa hata kichwa cha habari kizuri. Sote tulikuwepo. Mwendeshaji alimpigia makofi.

Nadhani msomaji ameshaona. Sisi hatukuona. Watu walichukua mchoro, kwa sababu mchoro ndio mtu anautaka. Onyo hakulichukua mtu, maana onyo peke yake, bila kile linachokionya, nani atalipakua?

Aliyetufungua macho ni mwanafunzi aliyekuwa mafunzoni vijijini. Alileta picha ya mfereji mzuri, umenyooka, umepimwa sawasawa, umejaa maji, uko juu kabisa ya mlima ambao mimi hata kuupanda siwezi. Akaiweka mbele ya Mwalimu kwa fahari. Mwalimu akamwuliza lile swali lake. Kijana akataja. Mwalimu akaivuta picha karibu.

"Karatasi ya onyo hamkupewa?"

"Onyo gani, Mwalimu?"

Alikuja ofisini kwangu akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akanieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi: mlima mkali una udongo mzito juu ya mwamba, ukiyazuia maji pale juu yanazama mpaka kwenye mwamba, yanalainisha pale udongo unapoushikilia, na siku moja mlima wote unavua ngozi. Nyumba ziko chini ya mashamba. Watu wamelala. "Nimelikata mimi mwenyewe, Mkutubi," akasema. "Kwa mkasi. Na jina langu liko chini yake."

Hilo la jina ndilo lililomwumiza kupita kiasi. Watu walikuwa waungwana, walitii leseni. Onyo lilidondoka njiani, lakini jina lake halikudondoka mahali popote.

Mchoro wa zamani tuliuondoa ripozitori siku hiyo hiyo. Ilikuwa kazi rahisi, nami nikajipa moyo kwamba yamekwisha. Yeye akachora mwingine, safari hii onyo likiwa limeandikwa ndani ya mchoro wenyewe, limepita katikati ya mistari, asiweze mtu kulikata bila kuharibu kila kitu. Na ili watu watofautishe, akautoa mwavuli, akaweka jembe. "Ukiona mwavuli, ni wa zamani," akawaandikia wote aliowajua. Tukaupakia, tukakaa kusubiri.

Mchoro wa zamani haukuwa kwetu tena, lakini ulikuwa kila mahali pengine. Ulikuwa kwenye masomo ya vyuo, kwenye vipeperushi, kwenye kurasa za vikundi vya wakulima, kwenye simu za watu. Hapo ndipo ilipoanza ile "Umeangalia?" Kila mvua ikikaribia, mimi naingia mtandaoni kuutafuta mwavuli. Nikiuona, nawaandikia wenyewe kwa upole waubadilishe. Wengine wanabadilisha na kushukuru. Wengine hawajibu. Kuna aliyenijibu kwamba wao wana ruhusa, akaniambatishia leseni, ile ile niliyomsainisha Mwalimu. Sikumwambia Mwalimu habari za huyo.

Miaka ikapita hivyo na akastaafu. Watu walidhani atapumzika. Alijenga nje kidogo ya mji, nyumba inayotazama mlima, na mkewe aliniambia kwamba hilo ndilo kosa walilofanya, wangejenga inayotazama barabara. Alikuwa hali chakula akisikia radi. Magoti yalianza kumsumbua, na alipita bustanini akichungulia mawingu huku akijikongoja kwa mwavuli. Mimi nilimcheka mwanzoni. Siku hizi sicheki, kwa sababu ugonjwa ule umeniambukiza. Mvua ikinyesha natazama mlima, na naona aibu kusema hivi, lakini namlaumu kidogo kwa kunifundisha kuogopa kitu ambacho zamani nilikiona kizuri tu.

Mara ya mwisho niliyokuwa naye siku nzima ilikuwa masika yalipoanza. Mwanafunzi wake wa zamani alimtumia picha kwa simu: mwanamke amesimama shambani, anacheka, kando yake mfereji, nyuma yake migomba. Kwa chini kidogo lilionekana bati la nyumba. Kilikuwa kitongoji kimoja cha Uluguru, juu ya Matombo. Mwanafunzi aliandika, "Mwalimu, kazi yako inaendelea huku."

Aliikuza ile picha akaipima kwa migomba, jinsi inavyosimama na jinsi ardhi inavyopita chini yake. Kisha akanipigia. Hakusema "umeangalia" safari hii. Akasema, "Shemeji yako bado ana ile pikapu?"

Tuliondoka asubuhi, watatu mbele, Mwalimu dirishani na mwavuli katikati ya magoti. Barabara ile wanaoijua wanaijua. Ilikuwa imenyeshewa, na shemeji alikuwa anaongea na usukani. Kila tulipopita chini ya shamba Mwalimu aliinama kuchungulia juu. Mahali gari lilipogoma tukapanda kwa miguu kati ya midalasini na mifenesi. Niliyasikia magoti yake yanavyolia. Nikamwomba tupumzike, akaniambia nipumzike mimi.

Mwenyewe, yule wa pichani, alitupokea uani, tukamjua kwa jina la Mama Zuhura. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mchangamfu, mwenye lafudhi ya Kiluguru inayopanda na kushuka. "Shikamoo mzee," akamwambia Mwalimu, nami nikamwamkia yeye. Tukaletewa maji. Mwalimu hakuyanywa.

"Nimesikia umechimba mfereji, mama."

"Nimechimba, na wanangu. Karibu uuone." Alituongoza nyuma ya nyumba, hatua chache tu kupanda, nami nikazihesabu hatua zile. "Shamba hili la ukoo. Mama yangu kaniachia, nami nitawaachia mabinti zangu. Kila mwaka udongo unakwenda mtoni, nitawaachia nini, mawe? Sasa tazama, hauendi."

Ulikuwa mfereji safi, na ulikuwa umejaa. Maji yametulia ndani yake hata majani ya migomba yanaonekana. Mwalimu hakuutazama. Alitazama chini yake, kati ya mfereji na nyumba, akatembea ameinama kama aliyeangusha kitu. Akasimama. Palikuwa na ufa kwenye udongo, mwembamba, unaofuata mfereji. Alichomeka ncha ya mwavuli humo. Ukaingia. Ukaendelea kuingia mpaka kitambaa kikakunjamana.

"Mama Zuhura, haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanazama. Karatasi imesema yanazama."

"Yanazama. Halafu?"

Mwalimu akamweleza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia darasani, yale aliyonieleza mimi ofisini. Akamwomba waufungue mfereji upande mmoja, maji yatelemke kwenye korongo la mawe lililo pembeni. Mama Zuhura akabadilika uso.

"Niufungue? Nimevunja mgongo kuuchimba, leo wageni wananiambia niufungue?" Akaingia ndani akatoka na karatasi iliyowekwa kwenye nailoni. "Soma mwenyewe. Tumeletewa na nyingine baadaye, yule kijana wa ugani aliibandika ofisi ya kijiji, ina jembe. Sisi tukajua ya kuigiza ile. Jembe kila mtu analo. Huu ndio mchoro wenyewe, wa mwavuli. Huu una mwenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze, ingawa pale haikuwa sala nzuri. Alama tuliyoiweka watu waikimbie, wao ndiyo waliyoiamini. Mwalimu alisimama ameishika ile karatasi, halafu taratibu akauinua mwavuli wake, wenye tope mpaka katikati, akausimamisha pembeni ya mchoro. Mpini ule ule uliopinda.

Mama Zuhura akatazama mwavuli, akatazama karatasi, akamtazama yeye.

"Kumbe ni wewe uliyetuambia tuchimbe."

"Ni mimi."

"Na leo unatuambia tufungue."

"Ni mimi pia, mama. Nisamehe."

Shemeji akajikohoza. Kisha Mama Zuhura akalichukua jembe lililoegemea ukuta, akampa Mwalimu. "Basi anza wewe," akasema.

Akaanza. Mzee wa magoti mabovu, shati la mikono mirefu, akalima pale mwisho wa mfereji huku anatetemeka, nami nikaona Mama Zuhura anamtazama na hasira zinamtoka kidogo kidogo. Hakumwacha muda mrefu. Akamnyang'anya jembe, shemeji akapata jingine, na mabinti wakaja. Midalasini miwili ilikuwa kwenye njia ya maji. Aliikata mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Maji yalipopata njia yaliondoka kwa kelele, tukakaa tukiyasikiliza yanavyoshuka korongoni.

"Na usilale hapa masika haya," Mwalimu akamwambia. "Ufa ule haujui kwamba tumefungua."

"Niache nyumba na kuku?"

"Kuku nenda nao."

Mama Zuhura ana dada yake ng'ambo ya mgongo wa mlima. Alibisha, akabisha tena, mwisho akasema atakwenda. Mwalimu akamwuliza mara nyingine na nyingine mpaka yule mama akaapa kwa mama yake marehemu. Hapo ndipo Mwalimu alipokunywa maji.

Akageuza ile karatasi, akachora nyuma yake, mlangoni, wingu likiwa limeshatufikia. Akachora mfereji unaoinama kidogo na kutokea kwenye mawe. Akaandika onyo katikati. Na pembeni akaurudisha mwavuli wake, ila safari hii akauchora umefunguliwa.

"Uliofungwa ni wa zamani," akasema. "Uliofunguliwa ni mimi wa leo. Maji hayakai juu yake."

Mama Zuhura aliuangalia sana. "Watasema huu nao wa kuigiza," akasema. "Mimi nimekuona. Wenzangu watajuaje?"

Mvua ikaanza. Mwalimu akatazama mwavuli wake, kama alivyoutazama siku ile mkuu wa idara alipouomba. Akaupangusa tope kwa kiganja, akaufungua, akampa. "Utundikeni ofisi ya kijiji, pembeni ya huu mchoro. Anayebisha aushike." Kisha akaanza kushuka mlima kichwa wazi, nami nyuma yake, na siwezi kusema uso wake ulikuwa umelowa kwa nini, maana sote tulikuwa tumelowa.

Mchoro huo, nilioupiga picha kwa simu pale mlangoni, uko ripozitori sasa. Nauangalia unavyopakuliwa, na wa zamani bado nautafuta. Nyumba ya Mama Zuhura imesimama. Kila tukiuliza tunaambiwa imesimama, na ufa haujaongezeka. Mimi nimefurahi. Yeye anasema ufa hauna haraka.

Juzi wingu lilishuka tena likakaa. Simu ikalia.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia, Mwalimu."

"Upo?"

Nilitaka kudanganya. "Upo mmoja, uliofungwa. Kundi la wakulima wa Turiani wameubandika kwenye ukurasa wao. Nimeshawaandikia." Nikaharakisha kumtuliza kwa lugha yake mwenyewe. "Lakini mteremko kiasi gani, Mwalimu? Turiani ni miwa na mpunga. Kule tambarare. Kule unafaa kabisa."

Nikamsikia anavyohema. "Turiani tambarare," akasema. "Na nyuma ya Turiani kuna nini?"

Nyuma ya Turiani kuna milima. Ninayo hata kwenye ramani ya ukutani kwangu.

Hakukata simu, aliisahau mkononi. Nikasikia anauliza viatu vyake viko wapi, nikasikia mkewe akipandisha sauti: "Unakwenda wapi, Mwalimu, na magoti hayo, na mvua hii, na mwavuli wenyewe umeshaugawa?" Nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Kisha mkewe akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Viko chini ya kitanda. Subiri nikutolee."

Nikampigia shemeji kumwuliza kama pikapu ina mafuta.